Kigari cha Mirihi Kiganjani: Namna ya Kuzisoma Modeli za Kusubu za Rova za Anga

Mtu akikabidhiwa modeli ya chuma ya rova ya Mirihi, kwanza huipima uzito kiganjani, kisha huisukuma mezani aone kama magurudumu yanazunguka. Vipimo hivyo viwili vinamtosha mtoto, wala si vibaya kwa mtu mzima, lakini haviwezi kumwambia mkusanyaji jambo analotaka hasa kulijua: je, alichoshika ni mfano wa mashine iliyotembea kweli katika sayari nyingine, au ni kigari kama vingine kilichopakwa rangi nyeupe na kupewa jina kubwa? Swali hilo ni gumu kuliko linavyoonekana, kwa sababu modeli moja ya sentimita chache imebeba historia mbili zilizofungamana, historia ya rova yenyewe na historia ya kalibu iliyoizaa modeli, na mara nyingi tarehe, vipimo na makosa ya historia moja hudhaniwa kuwa ni ya nyingine.

Rova ni gari la utafiti linalopelekwa kutembea juu ya Mwezi au sayari, likiendeshwa kwa amri za redio kutoka duniani, kwa maamuzi ya kompyuta yake lenyewe, au, kama ilivyokuwa katika safari za Apollo 15, 16 na 17 za mwaka 1971 na 1972, na wanaanga walioketi juu yake. Modeli ya kusubu ni ile inayotengenezwa kwa kuyeyusha metali na kuisukuma kwa shinikizo kubwa ndani ya kalibu ya feleji, ikapoa kwa muda mfupi sana na kutolewa ikiwa na umbo kamili. Sisi huiita modeli ya chuma kwa mazoea, ingawa chuma hakimo katika mwili wake. Metali inayotumika ni aloi ya zinki iitwayo zamaki, jina lililoundwa kwa herufi za mwanzo za maneno ya Kijerumani ya zinki, alumini, magnesi na shaba, nayo ilibuniwa na kampuni ya New Jersey Zinc ya Marekani mwaka 1929. Alumini ndani yake ni kama asilimia 4 tu. Zamaki huyeyuka kabla ya joto kufika nyuzi 400 za selsiasi, kwa hiyo haiichoshi kalibu haraka, na ikiyeyuka hupenya hadi katika pembe nyembamba ambazo metali nyingine zingeganda kabla ya kuzifikia.

Hapo ndipo lilipo kosa la kwanza la wakusanyaji wapya. Wapo wanaoisogezea modeli sumaku, na sumaku isiponasa husema kwamba wameuziwa plastiki. Zinki hainaswi na sumaku. Kinachonaswa, kama kipo, ni ekseli nyembamba za feleji zinazoshika magurudumu. Kipimo cha kuaminika ni uzito ukilinganishwa na ukubwa, kwa sababu sentimita moja ya ujazo ya zamaki ina gramu zaidi ya 6, ilhali ya plastiki za kawaida haizidi sana gramu 1. Hata hivyo karibu modeli zote za rova huchanganya vyote viwili, metali kwa kiwiliwili au kwa kitako, na plastiki kwa mlingoti, mkono na magurudumu, kwa hiyo modeli nyepesi si lazima iwe ya bandia. Inawezekana mtengenezaji aliamua kuiweka metali mahali pachache.

Skeli ndiyo inayowachanganya watu zaidi. Vigari vingi vidogo vya kusubu hutajwa kuwa vya skeli ya 1:64, yaani kila sentimita 64 za gari halisi zimekuwa sentimita moja. Kwa vigari vya kuchezea, namba hiyo ni makadirio tu. Kigari hupunguzwa au kukuzwa hadi kitoshee pakiti na njia za kukimbizia, ambazo hutaka kitu chenye urefu wa karibu sentimita 7, hata kama gari halisi ni dogo kama bajaji au kubwa kama lori. Kwa magari ya barabarani tofauti haitishi sana, lakini rova hazifanani kabisa kwa ukubwa. Sojourner, iliyotua Mirihi tarehe 4 Julai 1997, ilikuwa na urefu wa sentimita 65 na uzito wa kilo 10.6. Curiosity, iliyotua Agosti 2012, ina urefu wa mita 3 bila kuhesabu mkono wake, na uzito wa kilo 899. Ukizitengeneza zote mbili kwa 1:64 halisi, Curiosity itakuwa na urefu wa milimita 47, na Sojourner itakuwa na milimita 10, kitu cha ukubwa wa punje ya haragwe. Hakuna kampuni ya vigari inayoweza kuuza haragwe. Ndiyo maana Sojourner za kusubu zimekuzwa, na zikipangwa rafuni kando ya Curiosity zinaonekana kama ndugu waliofuatana, wakati moja ingeweza kubebwa na mtu mmoja mikononi na nyingine ina uzito wa gari dogo la abiria.

Sidhani kwamba ukuzaji huo ni udanganyifu, lakini nadhani mkusanyaji anapaswa kuujua, na hesabu yake ni rahisi. Chukua rula au kalipa, pima kipenyo cha gurudumu moja la modeli, kisha gawanya kipenyo cha gurudumu halisi kwa namba uliyopata. Magurudumu ya Sojourner yalikuwa na sentimita 13, ya Curiosity yana sentimita 50, na ya gari la Apollo yalikuwa na karibu sentimita 82. Rudia hesabu hiyo kwa urefu wa kiwiliwili. Skeli mbili zikikaribiana, mtengenezaji alifuata vipimo. Zikitofautiana sana, basi alichukua magurudumu yaliyokwisha kuwapo ghalani, akajenga rova juu yake.

Tuje sasa kwenye kalibu, kwa kuwa ndiyo inayoamua mambo mengi ambayo hudhaniwa ni uzembe. Kalibu ya kusubu ina nusu mbili, na pengine vipande vya pembeni vinavyoingia na kutoka. Nusu hizo zinapoachana, kitu kilicho kati yake lazima kitoke bila kukwama. Kwa hiyo kila ukuta wake huinamishwa kidogo, na kila tundu lazima liangalie upande ambao kalibu inafungukia. Uwazi unaojikunja kwa ndani hauwezekani bila kipande cha ziada chenye gharama zake. Gari la kawaida linakubali masharti hayo kwa urahisi, kwa sababu ni kama ganda lililofunikwa juu ya kitako. Rova ni kinyume chake: ni sanduku lililoinuliwa juu ya miguu myembamba, likiwa na mlingoti, antena, nyaya na mkono uliokunjwa mbele, na uwazi mwingi zaidi ya ukuta. Katika rova zote ninazozijua, iliyo rahisi kusubiwa ni Lunokhod 1 ya Umoja wa Kisovieti, iliyofika Mwezini tarehe 17 Novemba 1970 ikiwa na uzito wa kilo 756, kwa sababu kiwiliwili chake kilikuwa kama sufuria kubwa lenye mfuniko, na ndani ya mfuniko huo mlikuwa na seli za sola. Umbo la namna hiyo hutoka katika kalibu bila shida yoyote.

Unene nao una mpaka wake. Ngozi ya gurudumu la Curiosity, lililochongwa kutoka pande moja la alumini, ina unene wa milimita 0.75 tu katika nafasi zilizo kati ya meno yake. Ukiigawanya kwa 64 unapata takriban milimita 0.012, wembamba unaozidi ule wa unywele wa binadamu. Zamaki haiwezi kusubiwa hivyo, na hata kama ingeweza, kidole kingeiponda. Mlingoti nao hunenepeshwa kwa sababu nyingine. Modeli inayouzwa kama kitu cha kuchezea lazima itimize masharti ya usalama wa watoto, ambayo hayaruhusu ncha kali wala kijipande kinachokatika kwa urahisi na kumezwa. Kwa hiyo unapoona rova yenye shingo nene kama ya ng'ombe, usimlaumu mchongaji kabla ya kutazama pakiti. Kama ni ya watoto, shingo hiyo iliamuliwa na sheria, lakini kama pakiti inasema ni ya wakusanyaji watu wazima, unayo haki ya kudai shingo nyembamba zaidi.

Sehemu ambayo mimi huitazama kwanza, na kuitazama kwa muda mrefu, ni miguu. Rova zote za NASA zilizotembea Mirihi tangu Sojourner zinatumia mfumo uliobuniwa na mhandisi Donald Bickler wa maabara ya JPL mwishoni mwa miaka ya 1980, mfumo usio na springi hata moja. Katika Curiosity, kila upande una mkono mkubwa ulioshika gurudumu la mbele, na kwenye ncha ya nyuma ya mkono huo umening'inizwa mkono mdogo ulioshika gurudumu la kati na la nyuma. Gurudumu moja likipanda jiwe, mikono hiyo hubembea, na magurudumu mengine matano hubaki yamekanyaga ardhi. Ili kiwiliwili kisibinuke ovyo, mikono ya kushoto na ya kulia imeunganishwa kwa fito linalokatiza juu ya mgongo wa rova, kwa hiyo upande mmoja ukiinuka, wa pili husukumwa chini, na kiwiliwili hukaa katika wastani wa pande zote mbili. Kwa njia hiyo rova inaweza kupanda kikwazo kirefu kuliko gurudumu lake.

Modeli nyingi haziwezi kuiga hayo. Ekseli tatu zilizonyooka hupitishwa upande hadi upande, magurudumu yakatiwa kwenye ncha, na mikono ikawa mapambo yaliyosubiwa pamoja na kitako. Iweke modeli ya namna hiyo juu ya kitabu, gurudumu moja likanyage ukingo wake, na utaona magurudumu mawili au matatu yakining'inia hewani. Hiyo si aibu, kwa kuwa kigari kilichokusudiwa kuteremka kwenye njia ya kuchezea kinahitaji ekseli imara na nyororo. Lakini tazama kama mikono ya mapambo imewekwa mahali pake. Je, egemeo la mkono mdogo liko kati ya gurudumu la kati na la nyuma? Je, fito la mgongoni lipo? Mchongaji aliyeliweka fito hilo, hata likiwa ni mstari tu ulioinuka nusu milimita, alielewa rova inatembeaje. Aliyeliacha huenda aliitazama picha moja tu.

Uchunguzi huohuo ndio unaosaidia kuzitenganisha Curiosity na Perseverance, mapacha wanaochanganywa kuliko rova nyingine zote. Perseverance, iliyotua katika kreta ya Jezero tarehe 18 Februari 2021, ilijengwa kwa kufuata ubunifu wa Curiosity, na ukitazama kwa haraka zote mbili ni sanduku jeupe, magurudumu sita, mlingoti wenye kichwa cha mraba. Kishawishi cha kuchukua kalibu ya kwanza na kuibadilisha jina kinaeleweka. Siri iko kwenye magurudumu. Kuanzia mwaka 2013 magurudumu ya Curiosity yalionekana kutoboka na kuchanika kwa sababu ya mawe makali, na wahandisi wakayabadilisha ya Perseverance: yakawa na kipenyo kikubwa kidogo, wembamba zaidi kwa upana, na ngozi nene zaidi. Meno 24 yaliyopinda kama zigizaga yakawa meno 48 yenye mkunjo mpole. Kwa skeli ya 1:64 meno hayo 48 yamegawana mzunguko wa milimita 26 hivi, kila jino likipata nusu milimita, jambo ambalo kalibu nzuri ya plastiki inaliweza. Kwa hiyo chukua kioo cha kukuzia na uhesabu. Modeli ya Perseverance yenye meno machache ya zigizaga ni Curiosity iliyobadilishiwa jina.

Maandishi yaliyo chini ya tumbo yanahitaji tahadhari zaidi. Watu husoma mwaka uliochongwa hapo, wakadhani ndio mwaka modeli ilipotengenezwa, au hata mwaka wa safari yenyewe. Kwa desturi mwaka huo ni wa hakimiliki ya umbo, yaani wa kalibu, na kalibu moja inaweza kuzaa vigari kwa miaka mingi kwa rangi tofauti bila mwaka huo kubadilika. Kwa Hot Wheels, chapa ya kampuni ya Mattel, tangu mwaka 2008 kitako huwa na alama ndogo zaidi iliyochapwa, herufi moja inayosimamia mwaka na tarakimu mbili zinazosimamia wiki ya kutengenezwa. Hiyo ndiyo tarehe ya kigari ulichonacho. Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba kalibu huchukua muda mrefu kuchorwa, kukatwa na kujaribiwa. Modeli ya Curiosity ya Hot Wheels ilitoka mwaka 2012, mwaka uleule wa kutua, kwa hiyo umbo lake lilikamilishwa kutokana na michoro na picha za rova iliyokuwa bado haijagusa vumbi la Mirihi. Modeli nyeupe isiyo na doa inaonyesha rova ilivyokuwa katika chumba safi cha mafundi. Anayeipaka vumbi la kahawia kwa brashi anaonyesha wakati mwingine wa rova ileile, na sioni sababu ya kumwita mharibifu, mradi asiiuze baadaye kama ilivyotoka kiwandani.

Nembo ni fundo jingine. Kwa kawaida picha na michoro ya NASA haina hakimiliki nchini Marekani, lakini nembo ya shirika inalindwa kisheria, na matumizi yake kwenye bidhaa yanahitaji idhini. Maabara ya JPL, iliyobuni Sojourner na Curiosity, inaendeshwa na chuo cha Caltech kwa niaba ya NASA, na ndiyo sababu seti ya Sojourner ambayo Mattel iliitoa mwaka 1997 ilipitia leseni ya upande huo na kubeba jina la JPL. Matokeo yake ni kwamba modeli isiyo na nembo inaweza kuwa imechongwa kwa uaminifu mkubwa, na yenye nembo inaweza kuwa na miguu ya kubuni. Leseni inathibitisha kwamba jina limetumika kwa ruhusa. Usahihi wa umbo utauona mwenyewe kwa rula.

Seti hiyo ya 1997 ilikuwa na rova, kituo chake cha kutulia na chombo kilichovisafirisha, nayo ilinunuliwa kwa wingi wakati ulimwengu ukifuatilia picha kutoka Mirihi. Wanunuzi wengi wa zama hizo walikuwa watu wazima walioiweka bila kuifungua. Hapa inafaa kutofautisha vitu viwili ambavyo wauzaji huvitaja kwa neno moja la adimu. Kitu kilichonunuliwa na watoto kikachezewa hadi kikavunjika hupungua mwaka hadi mwaka, ilhali kilichonunuliwa ili kihifadhiwe hubaki kikiwa kizima kwenye makabati mengi, hata kama hakionekani madukani. Umri peke yake hausemi kitu.

Kuhusu kutunza, adui anayeogopwa zaidi ni kuoza kwa zinki. Vigari vingi vya kusubu vya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia vimevimba, vikapasuka nyufa kama za tope lililokauka, na mwishowe kumeguka vyenyewe. Chanzo ni uchafu katika aloi, hasa risasi, ambayo hata ikiwa elfu chache tu za asilimia hupita kiwango kinachovumilika, ikasababisha kutu kati ya chembe za metali kutoka ndani. Joto na unyevu huharakisha, na hakuna dawa, kwa sababu ugonjwa ulizaliwa ndani ya tanuri. Zamaki ilibuniwa kwa zinki safi ya asilimia 99.99 kwa ajili ya kuliondoa tatizo hilo, kwa hiyo rova za watengenezaji makini ziko salama kwa kiasi kikubwa. Hatari iko kwa viwanda vinavyotupa mabaki ya metali ovyo katika sufuria ya kuyeyushia. Unga mweupe mwepesi unaofutika juu ya kitako kisichopakwa rangi ni kutu ya kawaida ya zinki, lakini rangi inayoinuka juu ya ufa mwembamba kama uzi ni habari nyingine, na modeli hiyo haifai kununuliwa kwa bei yoyote.

Modeli moja inaweza pia kukuambia ni saa ngapi. Desemba 1972, nyundo iliyokuwa mfukoni mwa Eugene Cernan wa Apollo 17 ilinasa madigadi ya nyuma kulia ya gari lao la Mwezini na kuivunja. Vumbi la Mwezi ni kali na hunata, na gari lisilo na madigadi liliwamwagia abiria wake vumbi hilo kama mvua, kwa hiyo wanaanga walibandikanisha ramani nne za karatasi ngumu kwa utepe wa gundi, wakazibana kwa vibanio vilivyotoka ndani ya chombo chao, na safari ikaendelea. Ukiona modeli ya gari hilo ikiwa na kipande bapa cheupe juu ya gurudumu la nyuma upande wa kulia, usidhani kiwanda kimekosea. Mchongaji amekuchagulia Apollo 17, na tena baada ya nyundo.

Ipo rova moja ambayo mahesabu yote ya skeli hayaihusu, ingawa mwili wake haukusubiwa kwa zinki. Takara Tomy, kampuni ya Japani yenye vigari vya kusubu vya Tomica vinavyotengenezwa tangu mwaka 1970, ilishirikiana na shirika la anga la JAXA, kampuni ya Sony na Chuo Kikuu cha Doshisha kubuni roboti ya mviringo yenye kipenyo cha sentimita 8 na uzito wa kama robo kilo, ikitumia ujuzi wa kampuni hiyo wa kuyakunja mambo mengi katika nafasi ndogo. Tarehe 20 Januari 2024, kwa saa za Japani, roboti hiyo iitwayo SORA-Q ilidondoshwa Mwezini na chombo cha SLIM muda mfupi kabla hakijatua, ikajifungua vipande viwili vilivyogeuka kuwa magurudumu, na kukipiga picha chombo kilichoileta kikiwa kimesimama kwa pua. Modeli yake inayouzwa kwa wakusanyaji ina kipenyo cha sentimita 8.